HIYO PESA UNAYOTAKA KUWEKA KWENYE BITCOIN NI PESA YA NINI?



Ndugu zangu katika imani, vijana wetu wa Bagamoyo, Zinga, Mapinga mpaka Bunju wanauliza sana: "Sheikh, Bitcoin ni halali au haramu?" Nitajibu, kisha nitawauliza na mimi.

Wanazuoni wametofautiana. Aliyekuwa Mufti wa Misri, Sheikh Shawki Allam, aliikataza mwaka 2018. Baraza la Maulamaa la Indonesia mwaka 2021 lilikataza kuitumia kama fedha, likaacha mlango mdogo kwa ile yenye manufaa yaliyo wazi. Kule Malaysia, washauri wa sharia wa mamlaka ya masoko ya mitaji waliruhusu mwaka 2020 iuzwe kwenye masoko yaliyosajiliwa. Basi anayekwambia masheikh wote wameikataza amezidisha, na anayekwambia wote wameiruhusu, huyo ana kitu anakuuzia.

Sasa swali langu: hiyo pesa ni ya nini?

Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Aliyeingiza milioni moja pale juu alibaki na kama laki mbili na nusu. Mwezi huohuo soko kubwa la FTX likafilisika, watu wakafungua simu wasiweze kutoa pesa zao. Ni kweli, Desemba 2024 Bitcoin ilipita dola 100,000. Aliyeweza kusubiri miaka mitatu alipona.

Lakini nani kati yetu anaweza kusubiri miaka mitatu? Mama wa mwani pale Mlingotini anadaiwa sare na madaftari Januari. Mama anayekaanga samaki sokoni, mtaji wake akiukosa wiki moja tu, jiko limezimika. Tajiri akishuka anangoja, sisi tukishuka tunauza kwa hasara kwa sababu mtoto anaumwa. Hatari ni moja, lakini mabega hayalingani.

Utasema: "Sheikh, hata bahari ina hatari." Naam. Lakini chombo unakijua, nahodha unamjua, pepo za kusi na kaskazi unazijua. Mkipata mnagawana, mkikosa mmekosa wote. Mtume (s.a.w.) alikataza biashara ya gharar, yaani ile ambayo hujui unanunua nini wala mwisho wake. Jipime: unaweza kumweleza mkeo, kwa Kiswahili chepesi, ulichonunua na kwa nini kitapanda? Kama huwezi, usinunue.

Tenganisheni mambo matatu. Kununua sarafu kwa pesa yako na kuishika, hapo ndipo penye khilafu. Kukopa kwa riba ili ubashiri bei itapanda au itashuka, hiyo ni riba imebeba kamari. Na kundi la WhatsApp linalokuahidi faida kila siku ukileta watu, huo ni upatu uliovaa kanzu mpya. Tulishauona mwaka 2009 kwa DECI, watu "wakapanda mbegu" na wengi hawakuvuna.

Wala usijidanganye na serikali. Benki Kuu ilitangaza mwaka 2019 kwamba fedha halali ya nchi yetu ni shilingi. Mwaka 2024 ikaja kodi ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Kukatwa kodi si kulindwa. Ukiibiwa, kodi uliyolipa haikurudishii chako.

Rai yangu kwa mtu wa kawaida: achana nayo. Lipa deni, ongeza mtaji, nunua nyavu. Ukitaka kuwekeza pasipo riba, ulizia sukuk. KCB Tanzania ilitoa yake mwaka 2022, na Zanzibar ikafuata mwaka 2025. Nazo zisome masharti kabla ya kutoa pesa.

Na ambaye moyo umekataa kuiacha, basi isiwe pesa ya mahari, ya ada, ya kikoba wala amana ya mtu yeyote. Iwe ile ambayo ikipotea yote nyumbani kwako hakuna atakayelala njaa. Na ikifika nisabu ikazungukiwa na mwaka, itolee zaka asilimia 2.5.

Kulisha familia yako ni wajibu. Kutajirika haraka hakuna aliyekuwajibisha.

Allah atupe riziki ya halali yenye baraka. Amin. Wallahu a'lam.

Mfikishie na mwenzako kabla hajauza mashine ya boti.