Mkojo hausomi ubongo wa mwanao (sehemu ya 4)

Mama zangu, leo wacha nichukiwe. Mtoto kanenepa kupita kiasi, mtu anampima mkojo, anamwambia mama "serotonini ya ubongo iko chini", halafu anamuuzia vidonge. Huo ni wizi! Serotonini ya mwilini, kama asilimia 90, inatengenezwa kwenye utumbo, na ikishaingia kwenye damu haivuki kwenda ubongoni. Tena mtoto akila ndizi mbivu au nanasi, mabaki yake kwenye mkojo yanapanda. Sasa hapo kapimwa ubongo au nanasi?

Kipimo chenyewe kipo, ndiyo, daktari anakiagiza akihisi aina fulani za uvimbe. Ila mwanao ananenepa huku urefu umesimama? Usingoje. Beba kadi ya kliniki, muone daktari, uulizie homoni za tezi ya shingoni na kotisoli.