Hoteli za Ufuko wa Kivu Zijifunze Kutusemesha

Fungate ni neno la kale. Kabla Waswahili hawajazoea "saba" ya Kiarabu, fungate ndiyo ilikuwa saba, na ndiyo maana siku saba za kwanza za maarusi zikaitwa hivyo. Siku hizo wawili hao walikaa ndani na chakula kikaletwa mlangoni. Leo fungate imetoka nje ya nyumba. Watu wa ndoa wanasafiri kutafuta maji, kitanda kilichotandikwa na mtu mwingine, na siku mbili zisizo na wageni. Vijana wa Bukavu huitamani Zanzibar au Mombasa, lakini wengi wetu huishia hapa hapa kwenye ziwa letu, wala hakuna la kuonea haya. Ninachodai ni hiki: hoteli za ufuko wa Kivu, za zamani na za kisasa, zinatuuzia ziwa letu kwa lugha ambayo si ya nyumbani, na kwa kufanya hivyo zinatunyima pia historia yetu.

Mwaka huu mimi na bibi yangu tulitimiza miaka mitatu ya ndoa. Tuliweka akiba miezi sita, tukamwachia mama mkwe mtoto, tukalala usiku mmoja katika hoteli ya zamani na wa pili katika hoteli mpya. Sizitaji majina, kwa sababu ninayoyasema yanazihusu nyingi. Ile ya zamani ina veranda pana na bustani inayoteremka mpaka majini. Ile mpya ina madirisha ya vioo toka chini hadi juu, maji ya moto saa zote, na ukuta mrefu upande wa barabara. Kote tulipokelewa kwa Kifaransa. Binti wa mapokezi alitusemesha "Monsieur, Madame", kisha akamgeukia mtunza bustani: "Papa, ngoja kwanza, wageni wapite." Kiswahili kizuri, chenye heshima, ila hakikuwa cha wateja. Kwenye orodha ya vyakula sambaza waliitwa "petite friture du lac". Bibi yangu alicheka, akawaagiza kwa jina lao, na mpishi mwenyewe akatoka jikoni kuja kutusalimia.

Wako watakaosema hilo ni jambo dogo. Silioni dogo, kwa sababu ya historia ya ufuko wenyewe. Kwa miaka mingi ya ukoloni mji huu uliitwa Costermansville, kwa jina la mtawala wa Kibelgiji. Ibanda, kando ya ziwa, ilikuwa ya wazungu. Kadutu na Bagira zilitengwa kwa Waafrika. Mtu mweusi aliingia hoteli ya ufukweni kupika, kufua au kubeba mizigo. Katika hoteli ile ya zamani picha za enzi hizo zingali ukutani: mashua, magari, mabibi wenye kofia. Maelezo yake ni ya Kifaransa, na kila mzungu ametajwa kwa jina. Wale wanaume wawili wenye kanzu nyeupe walioshika sinia hawakutajwa popote. Zamani kizuizi kilikuwa rangi ya ngozi, leo ni bei ya chumba. Lakini hata aliyelipa bei hiyo bado hasomi habari za babu yake.

Tutazame Zanzibar, tunakokutamani. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000. Africa House, ambako wageni hukaa kutazama jua likizama, ilikuwa klabu ya Waingereza. Park Hyatt, iliyofunguliwa mwaka 2015, imeunganisha jengo jipya na Mambo Msiige, nyumba ya karne ya 19. Ujenzi huo ulilalamikiwa na UNESCO, kwa hiyo siutoi kama mfano wa kila kitu. Lakini nyumba ile imepita mikononi mwa wengi na bado inaitwa Mambo Msiige, jina ambalo Mswahili yeyote akilisikia anaelewa na kutabasamu. Sisi nasi tusiige majengo yao wala bei zao. Tuige hilo moja tu, la kuiacha nyumba iitwe kwa lugha ya mji.

Najua jibu la wenye hoteli: hii ni biashara, na wageni wao wengi ni watu wa mashirika. Sidai Kifaransa kiondolewe. Ndiyo lugha rasmi ya nchi. Lakini Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na kila Jumamosi maarusi wa Bukavu hujaa katika bustani hizo kupiga picha. Hao nao ni wateja. Wengine wataniuliza kwa nini niandike juu ya mapumziko katika mji ulioona majeshi yakiingia mwaka 1996, 2004 na tena 2025. Nami nitajibu kwamba ndoa nazo zinachoshwa na vita, na watu wawili wakipata siku mbili za kutazama maji bila hofu, si anasa.

Lililobaki ni letu, wanafunzi na waalimu wa lugha. Kila mwaka tunaandika kazi za mwisho wa masomo ambazo hulala kabatini. Wanafunzi watano tu, kila mmoja na jengo moja la ufukweni: nani alijenga, nani alipika, lilifungwa lini na kwa nini. Kila mmoja aandike ukurasa mmoja wa Kiswahili kinachosomeka, autoe bure kwa mwenye hoteli autundike karibu na zile picha, na amtafsirie orodha ya vyakula akiwa papo hapo. Mwenye hoteli akikataa, ukurasa huo tuuchapishe humu.

Tusingoje mwaka wa masomo ujao. Waliofanya kazi katika jiko hizo kabla ya uhuru wamebaki wachache mno. Watoto wao wangalipo Kadutu na Bagira, nao pia nywele zimekwisha kuwa nyeupe.