Watoto Wetu Nao Wawe Wataalamu wa Kansa



Wengi wetu hudhani kansa ni jambo la madaktari wa Mulago, wala si la chama cha wafanyakazi. Sisi wa Muhokya tunasema ni jambo la chama kama mshahara ulivyo. Mfanyakazi aliyeuza mbuzi na kipande cha shamba ili ampeleke mkewe Kampala kutibiwa, jasho lake la miaka mingi limekwisha kuliwa na ugonjwa.

Tunalotaka ni hili: watoto wa wafanyakazi wanaosoma sayansi wasaidiwe mpaka wawe watafiti wa kansa, na utafiti wao ufike huku kwetu Kasese.

Tazameni hesabu zinavyofanywa. Daftari la kansa la Kampala lilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, nalo huandika wagonjwa wa Kyadondo, yaani Kampala na jirani zake. Kwa miaka mingi hali ya nchi nzima imekadiriwa kwa daftari hilo. Lakini Kyadondo hakuna mgodi wa shaba. Kilembe ulichimbwa tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mabaki yake yamelala kando ya mto Nyamwamba, uliofurika vibaya mwaka 2013 na tena mwaka 2020. Mwaka 1997 wakala wa utafiti wa kansa wa Shirika la Afya Duniani ulitangaza kwamba vumbi la silika, litokalo katika mawe, huwaletea wafanyakazi kansa ya mapafu. Basi nani atawaendea wazee waliochimba Kilembe, na wachoma chokaa wa Muhokya, awaulize kwa Lukonzo walivuta vumbi gani na kwa miaka mingapi? Aisifuye mvua imemnyea. Mtoto aliyekua akimsikia baba yake akikohoa usiku ndiye atakayeuliza swali hilo kwanza.

Wako wasemao kazi hiyo tuwaachie wageni wenye fedha. Wageni hatuwadharau. Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, aliandika mwaka 1958 habari za uvimbe wa taya unaowapata watoto, na ugonjwa huo ukachukua jina lake. Taasisi ya Kansa ya Uganda ilifunguliwa mwaka 1967 kwa msaada wa Wamarekani, na mkuu wake wa kwanza, John Ziegler, alikuwa Mmarekani. Lakini mwaka 1972, wakati wa Amin, Wamarekani waliondoka. Taasisi haikufa, kwa sababu alikuwako daktari kijana wa Uganda, Charles Olweny, aliyekwisha kuijua kazi, naye akaishika. Fedha za mgeni zaweza kuondoka siku moja. Mwenyeji aliyefundishwa hubaki.

Tena, katika miaka ya 2000, kwa muda Daktari Jackson Orem alikuwa bingwa wa pekee wa kansa katika nchi nzima. Idadi iliongezeka baada ya Taasisi kushirikiana na kituo cha Fred Hutchinson cha Seattle, na madaktari wetu wakasomeshwa. Wataalamu hawaoti kama uyoga. Hugharimiwa.

Wengine watasema: leteni mashine kwanza. Mashine twazihitaji. Mwaka 2016 mashine ya pekee ya kutibu kwa mionzi iliharibika, na wagonjwa wakateseka zaidi ya mwaka mmoja. Lakini mashine haitambui ni kiwanda gani kinachougua. Hilo hutambuliwa na mtu.

Na mtu huyo huvunjwa moyo mapema. Kijana wetu akimaliza chuo hupewa kazi ya mradi ya miezi michache, akusanye damu na kujaza fomu. Mradi ukiisha, naye ameisha. Jina lake halimo katika ripoti, na hana wa kumwonyesha njia ya kuendelea. Sisi twaijua hali hiyo: ni ukibarua uliovaa koti jeupe.

Kwa hiyo twapendekeza mambo manne. Kwanza, katika mapatano na waajiri tudai fungu la kuwasomesha sayansi watoto wa wafanyakazi, mabinti wasisahauliwe. Pili, kila atakayekuja kutupima sisi wafanyakazi awaajiri vijana wa hapa kwa mkataba, awafundishe, ayaandike majina yao, kisha aturudishie majibu kwa lugha tunayoielewa. Tatu, hospitali ziandike kazi ya kila mgonjwa wa kansa, ya sasa na ya zamani. Nne, mfanyakazi mwanamke apewe ruhusa ya kwenda kupimwa kansa ya mlango wa kizazi bila kukatwa ujira, maana ndiyo kansa inayowashika wanawake wengi zaidi Uganda.

Sisi wenyewe tusingoje. Kila tawi lianze mfuko wake, hata kama ni kwa shilingi chache kila siku ya mshahara. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Umoja ni nguvu!