Mwalimu wa Ngumi Apimwe kwa Lipi?

Mtu akimaliza kazi yake na kuweka chini vyombo vyake, watu hukaa barazani wakampima. Seremala hupimwa kwa milango aliyoiacha, mkulima kwa shamba lake, na sisi waalimu twapimwa kwa wale waliopita mikononi mwetu. Kupima si vibaya. Ubaya ni kupima kitu kwa kipimo kisicho chake, kama mtu apimaye kaniki kwa pishi.

Leo twataka kumsema mzee mmoja wa Marekani, jina lake Eddie Futch, mwalimu wa mchezo wa ngumi, kwa sababu twaona wengi wampimao humpima kwa kipimo kisicho chake. Msomaji asiseme, Mambo ya Marekani yatuhusu nini sisi wa shamba? Vijana wetu nao huvaa glavu na kupanda ulingoni, na nyuma ya kila kijana yuko mtu aitwaye mwalimu wake. Hatuna budi kujua mwalimu mwema ni yupi.

Futch alizaliwa mwaka wa 1911 katika jimbo la Mississippi, akalelewa katika mji wa Detroit. Alipokuwa kijana alipiga ngumi yeye mwenyewe, na katika nyumba ya mazoezi alisimama mara nyingi mbele ya Joe Louis, yule ambaye mwaka wa 1937 alikuwa bingwa wa ulimwengu wa uzito wa juu. Lakini waganga walipompima Futch walimwona ana kasoro ya moyo, wakamkataza kupigana kwa mshahara. Hivyo akageuka kuwa mwalimu, akaifanya kazi hiyo zaidi ya miaka sitini, hata alipoiacha mwishoni mwa miaka ya 1990 alikuwa amepita umri wa miaka themanini na tano. Alifariki mwezi wa Oktoba mwaka wa 2001, naye ana miaka tisini.

Basi wako wasemao, Huyu alikuwa mkuu kwa sababu ya mikanda. Huwahesabu mabingwa waliopita mikononi mwake, Joe Frazier, Ken Norton, Larry Holmes, Michael Spinks, Riddick Bowe, na wengine, kisha hufunga hesabu wakasema, Yamekwisha, hakuna la kuongeza.

Hatukatai kwamba alikuwa na maarifa. Alimtazama Muhammad Ali kwa makini kama msomaji atazamavyo maandiko magumu, akaona lililowapita wengine: kwamba Ali, kwa kuutegemea wepesi wa miguu yake na wa macho yake, hakuirudisha mikono mahali ipasapo kukaa. Maarifa hayo aliyatumia alipokuwa msaidizi wa Yank Durham, mwalimu mkuu wa Frazier, na tarehe 8 Machi 1971 huko New York Frazier akamshinda Ali, hata kumwangusha chini katika raundi ya kumi na tano. Tena tarehe 31 Machi 1973 huko San Diego, Norton, ambaye wengi hawakumtazamia kitu, alimvunja Ali taya na kumshinda. Mtu asiyejua kazi hawezi kufanya hayo.

Lakini twauliza: mkanda wapima nini? Kwanza wapima mkono wa mwenye kuuvaa. Frazier alikuwa amekwisha kupata nishani ya dhahabu katika michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka wa 1964. Nguvu ile alizaliwa nayo, Futch hakumpa. Pili, mkanda wapima fedha za waandaao mapambano na wakati wa bahati. Fungu la mwalimu ndani ya mkanda ni gumu kupimika, kama chumvi ndani ya mchuzi: twajua imo, lakini nani atakayeitoa aitie mizanini? Liko jambo moja tu ambalo ni la mwalimu peke yake, wala mwanafunzi hana fungu ndani yake. Nalo ni kusema, Basi, yatosha.

Tutazame siku ile ya tarehe 1 Oktoba 1975, karibu na Manila katika nchi ya Ufilipino, Frazier na Ali walipokutana mara ya tatu. Durham alikuwa amekwisha kufa mwaka wa 1973, na Futch sasa ndiye mwalimu mkuu. Pambano liliwekwa asubuhi, na joto lilikuwa kali mno. Walipigana raundi kumi na nne, kila raundi dakika tatu. Katika raundi ya kumi na tatu Ali alimpiga Frazier hata kile kikinga cha meno kikamruka kinywani. Mwisho wa raundi ya kumi na nne uso wa Frazier ulikuwa umevimba, macho yamefumba, hata hakuweza tena kuiona ngumi ya kuume ya Ali ikimjia. Ilibaki raundi moja. Futch alimwambia mwamuzi kwamba yamekwisha. Frazier alikataa, akataka kuinuka. Mzee akamwambia akae, na kwamba hakuna mtu atakayeyasahau aliyoyafanya siku ile.

Hapo ndipo wanapotokea wale wa namna ya pili, wasemao, Futch alimnyang'anya Frazier ushindi. Husema, Zilibaki dakika tatu tu. Husema tena, Ali naye alikuwa amechoka kupita kiasi, yamkini asingeweza kuinuka kitini pake. Laiti mzee angalingoja kidogo, Frazier angalikuwa bingwa.

Maneno hayo twayakataa kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni hesabu. Katika karatasi za waamuzi wote watatu Ali alikuwa mbele: mmoja aliandika 66 kwa 60, wa pili 66 kwa 62, wa tatu 67 kwa 62. Kwa hiyo Frazier asingeweza kushinda ila kwa kumwangusha Ali asiinuke, naye haoni mkono utakaompiga. Wasemao dakika tatu ni kidogo, wafumbe macho, mtu mwenye nguvu awapige usoni kwa dakika tatu, kisha watuambie kama ni kidogo.

Sababu ya pili: mwalimu hakukaa katika pembe ya Ali. Hali ya Ali aliiona kwa mbali. Hali ya Frazier aliishika kwa mikono yake miwili. Mwenye chombo baharini hungalia tanga lake mwenyewe, wala haendelei kuingia katika dhoruba kwa kutumaini kwamba chombo cha mwenzake kitazama kwanza. Hao wanaomhukumu leo wanajua yaliyosemwa baadaye juu ya pembe ya pili. Futch alihukumu kwa yale aliyokuwa nayo, na yale aliyokuwa nayo yalimtosha.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa. Wasema, Lakini mwenyewe alitaka kuendelea! Naam, alitaka. Ndiyo maana huwekwa mwalimu. Mtu aliyepigwa kichwani mara nyingi si shahidi wa kuaminiwa juu ya kichwa chake. Ushujaa ule ule uliomfikisha raundi ya kumi na nne ndio usiomwachia kusema, Nimeshindwa. Twajua jambo hili kwa uchungu katika Afrika ya Mashariki. Robert Wangila wa Kenya alipata nishani ya dhahabu ya ngumi katika Olimpiki ya Seoul mwaka wa 1988, nchi nzima ikafurahi. Tarehe 22 Julai 1994 alipigana huko Las Vegas, na mwamuzi akalisimamisha pambano katika raundi ya tisa. Wangila alinung'unika, akaona ameonewa. Muda si mwingi alizimia, na baada ya siku mbili akafa, hajatimiza miaka ishirini na saba. Alitoka ulingoni kwa miguu yake mwenyewe, akidai kwamba aliweza kuendelea. Basi nani atakayetuambia tena kwamba neno la mpiganaji latosha?

Futch alikuwa amewahi kuona wapiga ngumi wakifa kwa mapigo. Mwaka wa 1962 ulimwengu wote wa ngumi ulimwona Benny Paret akipigwa na Emile Griffith huko New York, akiwa ameegemea kamba hajiwezi. Mkono wa kusimamisha ulichelewa, naye akafa baada ya siku kumi. Aliyeyajua mambo hayo, kisha akamwachia mwanafunzi kipofu raundi moja zaidi kwa ajili ya mkanda, tungalimwita nani? Tusingalimwita mwalimu.

Wako na wa namna ya tatu, na hao twawaheshimu zaidi, maana hoja yao ina uzito. Wasema, Mzee huyu alikaa miaka sitini akiwapeleka wana wa watu kupigwa vichwani. Huruma ya asubuhi moja yaosha miaka sitini? Twajibu: haioshi, wala sisi hatusemi kwamba yaosha. Mchezo wa ngumi una deni lake, na Ali mwenyewe, ambaye mwaka wa 1984 watu walitangaziwa kwamba ana maradhi ya kutetemeka, aliishi nayo mbele ya macho ya ulimwengu hata alipokufa mwaka wa 2016. Hatuwezi kusema kwa hakika kwamba ngumi peke yake ndizo zilizoyaleta, lakini hakuna awezaye kusema kwamba zilimfaa. Mtu akitaka mchezo huu ukomeshwe, na aseme hivyo waziwazi, tutamsikiliza. Lakini maadamu vijana wanapanda ulingoni, wao watapanda na mtu nyuma yao, na tofauti ya mtu huyu na yule ni tofauti ya uhai na kaburi. Kusema kwamba wote ni mamoja kwa kuwa kazi yao moja ni kumpa nafasi yule mbaya ajifiche nyuma ya yule mwema.

Tena tuitazame gharama. Futch alikuwa na kila sababu ya kunyamaza. Kama angalimwacha Frazier aendelee, ushindi ungalikuwa sifa yake. Na kama Frazier angalianguka, watu wangalisema, Alikufa kishujaa, wala hakuna ambaye angalimshtaki mwalimu. Kwa kusimamisha, lawama yote aliichukua yeye. Frazier alirudi kwa watoto wake, akaishi miaka thelathini na sita zaidi, hata alipofariki mwaka wa 2011 kwa maradhi ya ini. Miaka hiyo thelathini na sita haikuandikwa katika karatasi ya mwamuzi yeyote. Sisi twaiandika hapa, na twaihesabu juu ya mikanda yote.

Kwa hiyo twawaambia wazazi na wazee wa vijiji. Kijana akija na habari kwamba amepata mwalimu wa ngumi mjini, msiulize kwanza mwalimu huyo ana vikombe vingapi kabatini. Ulizeni wanafunzi wake wa miaka kumi iliyopita wako wapi, na wanasema vipi, na mikono yao yashika kikombe cha chai bila kumwaga. Ulizeni kama amewahi kusimamisha pambano ambalo mwanafunzi wake alitaka kuendelea nalo. Akisema hajawahi katika miaka yake yote, akajisifu kwa hilo, mrudisheni kijana nyumbani siku ile ile.

Na nyinyi waandishi wa habari za michezo, mwalimu mwingine wa ngumi atakapostaafu, msituletee orodha ya mikanda peke yake. Tuandikieni pia majina ya wale aliowakalisha.