Maji Meupe Si Maji Salama: Tuache Kumdanganya Bi Harusi kwa Shabu



Kuna ushauri wanaopewa mabinti wanaoolewa upande wa Tabora, na nimechoka kuusikia. Bi harusi anaambiwa: "Maji ya lambo yakiwa na ukoga, tia shabu, koroga, yaache yatulie. Yakiwa meupe, kunywa." Mimi ni fundi cherehani. Nashona magauni na mashela ya mabinti wa Igalula, wilaya ya Uyui, na maneno haya nayasikia nikiwa nimeshika pini mdomoni. Leo naitoa pini.

Shabu haiui kitu. Inakusanya uchafu mdogomdogo unaoelea, unagandana na kuwa mzito, kisha unazama. Macho yanafurahi, lakini vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo havionekani kwa macho, na vingine vinabaki humohumo kwenye maji yanayometa.

Ninyi wa visiwani mnaweza kumuuliza mtunza bwawa la kuogelea hotelini. Bwawa likiota ukoga anatia klorini nyingi, tena jioni, kwa sababu jua linaila. Ukoga ukifa, maji yanatoka kwenye ukijani yanakuwa kama maji ya kuoshea mchele. Hapo ndipo anapotumia shabu au dawa nyingine ya kuzamisha, anaufyonza uchafu uliolala chini, na anaacha mashine ya kuchuja ifanye kazi saa nyingi. Maji yakishang'aa bado anapima klorini, na anapima uchachu ubaki kati ya 7.2 na 7.8. Haya yote ni kwa maji ya mgeni kuogelea tu! Sisi maji ya kumnywesha mtoto tunayapima kwa jicho?

Najua majibu yatakayokuja. La kwanza ni la dini: "Maji ya ukoga ni twahara, mbona unayatia aibu?" Ndiyo, ni twahara. Madhehebu yetu ya Shafi yanasema maji yaliyobadilika kwa kukaa sana, au kwa ukoga uliomea humohumo, yanafaa kwa udhu na josho. Alhamdulillah kwa wepesi huo. Lakini hukumu ya udhu haijasema kwamba tumbo la mtoto litayavumilia. Twahara ni jambo moja, usalama wa kunywa ni jambo jingine, na dini hiyohiyo imetukataza kujitia kwenye madhara.

La pili: "Tutachemsha." Kuchemsha ni kuzuri sana, kunaua vijidudu. Ila maji yakiwa kijani kama rangi iliyomwagwa, yana utando juu na harufu mbaya, huenda huo ni ukoga wa aina inayotoa sumu, na sumu hiyo haiondoki kwa moto. Klorini nayo ikiupasua ukoga huo, sumu inamwagika ndani ya maji. Maji ya namna hiyo usinywe, usipikie, na ng'ombe wasinywe. Tafuta kisima.

La tatu ndilo linaloniudhi: "Huyu mke wa fulani anajidai, maji tuliyokunywa sisi yeye hayataki." Bi harusi ananyamaza, anakunywa, na siku ya walima juisi ya wageni inachanganywa kwa maji hayohayo. Heshima kwa mama mkwe haipimwi kwa kikombe cha maji machafu.

Sasa njia yenyewe. Ikiwa maji yana ukungu wa kawaida, yachuje kwanza kwa kitambaa. Hapa nisikilizeni fundi wenu: si shifoni, si poliesta. Chukua kanga kuukuu ya pamba, safi, uikunje mara nne au zaidi. Pamba iliyofuliwa sana nyuzi zake zinavimba na matundu yanakuwa madogo. Huko Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa wanawake waliochuja maji kwa sari kuukuu lililokunjwa walipunguza kipindupindu kwa karibu nusu. Karibu nusu si yote, kwa hiyo usiishie hapo.

Kisha zamisha uchafu kwa shabu kidogo, au kwa mbegu za mlonge zilizotwangwa, kama walivyofanya wanawake wa Sudan kwa maji ya Mto Nile. Ya mlonge yasilale zaidi ya siku moja, yanaharibika. Mimina yale ya juu taratibu kwenye ndoo nyingine. Mwisho ndiyo uchemshe, au utie vidonge vya klorini kwa kipimo cha kwenye pakiti na usubiri dakika 30. Usianze na klorini: uchafu utaila, na vijidudu vitabaki vinakucheka. Ndoo ya kunywa iwe na mfuniko na koki, bila mikono na vikombe kuzama humo.

Na wanaume nao wasikae pembeni. Ukoga unakua kwa jua na chakula, na chakula chake ni samadi ya ng'ombe wanaoingia lamboni na mbolea inayosombwa na mvua kutoka mashamba ya tumbaku na mahindi. Lambo lizungushiwe uzio, ng'ombe wajengewe birika pembeni. Tangi la nyumbani liwe jeusi na lifunikwe, jua lisipenye. Na kamati ya maji ya kijiji iwe na wanawake wenye sauti, kwa sababu ndoo iko kichwani kwetu.

Wazee wa Pwani walikwenda Tabora kwa misafara, wakaacha misikiti na miembe. Sisi tunapeleka mabinti. Tunawapeleka na masanduku ya vitenge, udi, liwa na vyombo vya kioo visivyotoka kabatini. Safari hii, mnaochangia kitchen party ya binti anayekwenda Igalula, pungumzeni seti moja ya vikombe. Mnunulieni ndoo mbili zenye mifuniko, moja iwe na koki, na vidonge vya klorini vya miezi sita. Na mama mkwe ndiye awe wa kwanza kumwambia: yatumie, mwanangu.