Diski Yenye Njaa

KUTOKA UFUKWENI
Na Bosco Ndunguru, Lundo

Diski ililia tik, tik, tik, ikanyamaza, ikaanza tena. Fundi mmoja mjini Songea aliisikiliza kidogo tu, akaniambia imekufa, ninunue nyingine. Ndani yake mlikuwa na picha na nyimbo za kwaya yetu ya miaka sita. Nikairudisha kwenye begi, Songea hadi Mbinga, Mbinga hadi Mbamba Bay, kisha kandokando ya ziwa mpaka Lundo, moyo ukiwa mzito kama natoka msibani.

Usiku ule mwalimu jirani yangu akasema, "Mzee, hebu tuijaribu kwenye yangu." Laptop yake ni mpya kuliko yangu. Diski ikafunguka bila kulia hata mara moja. Kumbe ilikuwa na njaa ya umeme tu.

Nalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu watu wetu wanatupa mali na kumbukumbu zao kwa kutolijua. Tundu la USB 2.0, toleo la mwaka 2000, limepangiwa kutoa miliampia 500. Diski ya nje yenye sahani inayozunguka huhitaji zaidi ya hizo pale inapoanza kuzunguka, na mara nyingine hukaribia mara mbili yake. USB 3.0, iliyokuja mwaka 2008, hutoa hadi 900, na mara nyingi utaitambua kwa ulimi wa buluu ndani ya tundu. Laptop yangu haina tundu la buluu hata moja. Dawa yake ni waya mfupi ulio mzima, au kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya kuchomeka ukutani, ili diski ile umeme wa huko na laptop ibaki na kazi ya kusoma tu. Lakini ikiwa diski inalia hata baada ya kushibishwa, hapo kweli inaumwa. Usiendelee kuiwasha na kuizima.

Kioo nacho kina mambo yake. Nyumba nyingi za huku zenye sola zina tivii ndogo, na nyingi kati ya hizo zina tundu la VGA, lile la pini 15 katika safu tatu ambalo limekuwapo tangu 1987. Laptop za zamani nazo zinalo. Waya mmoja wa VGA, ubonyeze kitufe cha Windows pamoja na P, na mwalimu anapanga matokeo ya darasa zima bila kukodoa macho. Sauti haipiti kwenye waya huo. Itahitaji waya wake mdogo kutoka tundu la spika.

Kinachoniuma ni waya unaouzwa kwa ahadi ya uongo: kichwa kimoja VGA, kingine HDMI, bila kitu chochote katikati. VGA ya laptop hutoa mawimbi ya analojia, HDMI ya tivii inasubiri tarakimu, na waya mtupu hauwezi kutafsiri. Kinachotakiwa ni kigeuzi chenye saketi ndani, ambacho kwa kawaida huwa na mkia wa USB wa kukipa umeme. Mtu ametoka ufukweni, amepanda gari hadi Mbinga, kilomita 66 kutoka Mbamba Bay, amelipa nauli ya kwenda na kurudi, kisha anarudi na waya usioweza kufanya kazi hata siku moja. Muuzaji angeuliza swali moja tu kabla ya kupokea pesa: laptop yako ina tundu gani?

Na kuna hatari ambayo wauzaji hawaitaji kabisa. Laptop nyingi za zamani betri zake zimekufa, zinaishi kwa chaja. Umeme ukikatika wakati unanakili, diski hukatwa katikati ya sentensi, na inaweza kupoteza faili nyingine ambazo hukuzigusa. Mimi sasa nanakili kwa sola iliyopitia betri, siuamini waya wa nguzo kwa kazi hiyo. Inachukua muda. Kwa USB 2.0 gigabaiti 100 huenda karibu saa nzima, hivyo naanza mapema na simruhusu mtu kugusa meza.

Video ndefu ya Pasaka ilinigomea mara tatu ilhali diski ilikuwa na nafasi tele. Diski ilikuwa imeandaliwa kwa mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofika gigabaiti 4. Nilihamisha vyote vilivyokuwamo, nikaiandaa upya kwa exFAT, ikapokea.

Tangu Oktoba 14, 2025, Microsoft imeacha kuihudumia Windows 10 kwa utaratibu wa kawaida, na tayari nasikia watu wakiambiwa mashine zao ni takataka. Kwa shughuli za benki mtandaoni, ni kweli kuna hatari. Kwa mashine isiyoingia intaneti, inayoonyesha ramani ya Afrika kwenye tivii mbele ya watoto, sioni sababu ya kuitupa.

Nyimbo za kwaya sasa ziko kwenye diski mbili. Moja inakaa kwangu, sandukuni, mbali na unyevu wa ziwa. Ya pili mwalimu aliondoka nayo Jumatatu kwenda Mbinga, itakaa kwa dada yake.