Taya la Mgonjwa na Ndimi za Wazima



Huku kwetu, kuanzia vilima vya Vidunda hadi Mikumi na Kilosa, kuna maneno yanayonikera. "Fulani alipigwa mionzi ya saratani akapona, mbona sasa taya linaoza? Karogwa huyo." Na mwengine, naye kavaa kofia, huongeza: "Ni dhambi za ulimi wake." Mimi nasema wote wawili wamenena wasilolijua, na kumnenea mgonjwa usilolijua ni dhulma.

Sikilizeni. Mionzi inayoua saratani ya kinywa au koo huharibu pia mishipa midogo ya damu ndani ya mfupa. Taya la chini, ambalo damu yake ni haba kuliko la juu, ndilo huumia zaidi. Mwaka 1983 daktari wa Marekani, Robert Marx, aliueleza mfupa huo kuwa umepungukiwa hewa, damu na chembe hai. Ukipata jeraha hauna cha kujitibia. Hufa, huchomoza kinywani, na pengine usaha hutoboa shavu. Huja baada ya miezi, au baada ya miaka mingi. Uchawi uko wapi hapo?

Na jeraha lenyewe mara nyingi ni jino lililong'olewa. Namjua mzee mmoja aliyerudi Vidunda kutoka Dar es Salaam akiwa mzima. Jino likamwuma, wanawe wakampeleka likang'olewa. Hakuulizwa kitu, naye hakujua kuwa yampasa kusema. Kidonda hakikufunga. Leo anakunywa uji, kinywa hakipiti vidole viwili, na kwenye walima huwekewa sahani yake peke yake uani, eti ananuka. Jirani zake hao hao huwahi safu ya mbele msikitini!

Mtume wetu (S.A.W.) alitufundisha kufunga ngamia kisha kutawakali. Basi ngamia wetu ni huyu: meno yatazamwe kabla ya mionzi, mabovu yang'olewe, na kidonda kipewe wiki mbili tatu kipone. Baada ya mionzi, asiguswe jino mpaka waulizwe waliomtibu, kama ni Ocean Road au kwengineko. Na hatari hiyo haina mwisho wa miaka. Apige mswaki laini kwa dawa yenye floraidi, anywe maji mara kwa mara, aache tumbaku, ya kuvuta na ya kutafuna.

Nanyi mnaomhimiza afunge Ramadhani hali mate yamemkauka na chakula hakipiti bila maji: Mwenyezi Mungu amempa mgonjwa ruhusa. Nani kawapa nyinyi amri ya kuiondoa? Asiyetarajia nafuu hulisha maskini kwa kila siku.

Mzee yule asiachwe uani. Mpikieni kilicho laini, kaeni naye sahani moja, mchangieni nauli ya kurudi kwa waganga wake. Sadaka iko hapo, wala si katika porojo za barazani.